Mwalimu wa Madrasa Kibera: Ustahimilivu Wake Unatoka Wapi?

Mwalimu akiacha kazi, watu humtazama yeye. Husemwa kwamba hakuwa na subira, au hakuwa na wito, au ujana ulimsumbua. Akidumu miaka kumi katika chumba cha mabati, bado ni yeye anayetazamwa: husemwa kwamba ana moyo, ana imani. Sifa na lawama zote mbili huiweka sababu ndani ya mtu. Makala haya yanachunguza upande ambao hautazamwi sana, yaani mahali pa kazi penyewe: chumba, kelele, saa, siku ya malipo, mwalimu mkuu, kamati ya msikiti na wenzake wanaofundisha naye. Mfano wetu ni shule za Kiislamu za Kibera, Nairobi, hasa upande wa Soweto East. Msomaji hahitaji kujua lolote kabla ya kuanza. Anahitaji tu kufuata kila hatua kwa utulivu, kwa kuwa kila moja inategemea iliyotangulia.

Tuanze na mahali. Kibera ni mkusanyiko wa vijiji vilivyoko kusini-magharibi mwa katikati ya jiji. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaruhusu askari wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles wakae hapo na familia zao. Vizazi vyao ndio Wanubi wa leo. Wanubi ni Waislamu, kwa hiyo yaelekea darasa la Qur'ani lilikuwapo Kibera tangu enzi za wakazi hao wa kwanza, kabla ya vibanda kusongamana kama tunavyoviona sasa. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 za ardhi. Soweto East iko ukingoni mwa Kibera, upande wa Barabara ya Mbagathi na Bwawa la Nairobi, na wakazi wake ni mchanganyiko wa makabila na dini. Ng'ambo ya Barabara ya Ngong iko Kawangware, ambako hali za kazi tutakazozieleza zinafanana kwa sehemu kubwa.

Shule za Kiislamu katika mitaa hii ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni madrasa ya msikiti, ambayo watoto huiita chuo. Wao husoma huko alasiri baada ya kutoka shule ya kawaida, pamoja na Jumamosi, Jumapili na wakati wa likizo. Ya pili ni shule inayounganisha mitaala miwili chini ya paa moja: mtaala wa taifa, na masomo ya dini kama Qur'ani, fiqhi (sheria za dini), sira (maisha ya Mtume) na Kiarabu. Shule nyingi za aina hii katika mitaa ya vibanda zimo katika kundi ambalo Wizara ya Elimu hulitambua kwa jina la APBET, yaani vituo vinavyotoa elimu ya msingi kwa njia mbadala. Mwongozo wa kuvisajili ulitolewa mwaka 2015. Sheria ya Kenya inamtaka kila mwalimu wa shule asajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, lakini tume hiyo huwalipa mishahara walimu wa shule za umma tu. Mwalimu wa shule ya jamii hulipwa kutokana na ada za wazazi, michango ya waumini au msaada wa wahisani. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu mengi yanatokana nalo.

Sasa tueleze neno letu kuu. Ustahimilivu, kwa matumizi ya wanasayansi, ni uwezo wa mtu au mfumo kuendelea kufanya kazi yake vizuri, au kurudia hali nzuri, baada ya kukabiliwa na jambo lililotishia kumvuruga. Maana hii ina masharti mawili. Lazima kuwe na tishio la kweli, kwa sababu mtu ambaye hajapata shida hatuwezi kusema amestahimili. Pia lazima matokeo yawe mema. Mwalimu anayefika darasani kila siku, akaandika ubaoni na kuondoka bila kujali kama kuna aliyeelewa, amebaki kazini bila ya kustahimili. Shule inayohesabu waliobaki peke yao haijapima ustahimilivu.

Elimu ya jambo hili ilianza kwa watoto. Mtafiti wa Marekani Emmy Werner na wenzake walifuatilia kwa miongo kadhaa watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Wapo waliokulia katika mazingira magumu mno: umaskini, ugomvi wa nyumbani, wazazi wagonjwa. Takriban theluthi moja ya watoto hao walikuja kuwa watu wazima wenye uwezo, wanaojiamini na wanaowajali wengine. Walipochunguza kilichowavusha, watafiti walikuta kwamba tabia ya mtoto mwenyewe ilichangia. Lakini walikuta pia mambo yaliyo nje yake: mtu mzima mmoja aliye thabiti, pengine bibi, jirani au mwalimu, na jamii ya kumpokea, ikiwemo jamii ya ibada. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Ann Masten alitoa hoja kwamba ustahimilivu hauhitaji kipaji cha ajabu. Hutokea pale misaada ya kawaida ya maisha ya binadamu inapokuwa imesimama, na hupungua pale misaada hiyo inapovunjwa. Hoja hii ikikubaliwa kwa mtoto na mazingira ya nyumbani, hakuna sababu ya kuikataa kwa mwalimu na mazingira ya kazi.

Ili tujue namna mahali pa kazi panavyoingia mwilini mwa mtu, inafaa tuutazame mwili wenyewe. Ubongo unapotambua dai linalozidi kawaida, hutuma ishara kwa njia mbili. Njia ya haraka hupitia neva hadi kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Tezi hizo hutoa adrenalini, na papo hapo moyo hupiga kwa kasi na misuli hukaza. Njia ya polepole hupitia damu: sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huichochea tezi ya pituitari, nayo huzichochea tezi za adrenali zitoe homoni iitwayo kortisoli. Kortisoli huongeza sukari katika damu ili mwili upate nguvu ya kukabili dai hilo. Hali hii yote huitwa msongo. Msongo si ugonjwa. Ndio unaomwezesha mwalimu kumdaka mtoto anayeanguka, au kusimama mbele ya watoto sitini akiwa macho.

Hatari huanza pale msongo usipozimika. Mwili umeumbwa kuwaka, kufanya kazi, kisha kutulia, na katika kutulia huko ndiko viungo hujirekebisha na usingizi huja. Mwaka 1993 Bruce McEwen na Eliot Stellar walieleza gharama inayorundikana mwilini pale mfumo huu unapowashwa mara kwa mara bila nafasi ya kutulia. Gharama hiyo tutaiita mzigo wa mlimbikizo. Hufanana na deni la dukani: kukopa unga leo hakumdhuru mtu atakayelipa Jumamosi, lakini anayekopa kila siku bila kulipa, siku moja muuza duka hukataa hata kumpa kibiriti. Hapo mtu husemekana ameangushwa na jambo dogo, kumbe jambo dogo hilo limekuta hesabu imeshajaa.

Kwa kazi za kuhudumia watu, hesabu iliyojaa hujitokeza kwa sura inayojulikana. Mwanasaikolojia Christina Maslach aliichunguza tangu miaka ya 1970 akaitenga katika sehemu tatu: kuishiwa nguvu, kuwa baridi kwa wale unaowahudumia, na kuona kwamba kazi yako haina matokeo. Tuiite uchovu sugu wa kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa vyema, na halikuuhesabu kuwa ugonjwa. Maelezo hayo yana uzito kwa hoja yetu, kwa sababu yanaelekeza jicho kwenye kazi.

Tumebakiza chombo kimoja cha kufikiria nacho. Mwaka 2001 Evangelia Demerouti na wenzake walipendekeza kwamba kazi yoyote inaweza kugawanywa katika vitu vya aina mbili. Kuna madai ya kazi, yaani kila kinachomtaka mfanyakazi atoe nguvu ya mwili, akili au moyo. Na kuna nyenzo za kazi, yaani kila kinachomsaidia kutimiza lengo, kupunguza gharama ya madai, au kukua. Kitabu cha kiada ni nyenzo; neno la shukrani ni nyenzo; uhuru wa kuamua ni nyenzo; dakika kumi za kukaa chini ni nyenzo. Madai makubwa yakikutana na nyenzo haba, uchovu huongezeka. Madai hayohayo yakikutana na nyenzo za kutosha, mtu anaweza kubaki imara, hata akaipenda kazi zaidi. Kwa hiyo tukitaka kujua kwa nini mwalimu wa Soweto East anadumu au anaanguka, tuorodheshe madai yake na nyenzo zake, moja baada ya nyingine.

Tuanze na kelele, kwa kuwa ni dai lisilotajwa sana katika mikutano ya kamati, na mimi naamini ndilo linalokula nguvu nyingi kuliko yote. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Kipimo hiki hupanda kwa kuzidisha: kila desibeli 10 zinapoongezeka, nishati ya sauti huwa mara kumi. Mazungumzo ya kawaida ya watu walio karibu ni kama desibeli 60. Katika mwongozo wake wa mwaka 1999, Shirika la Afya Duniani lilishauri kelele za pembeni darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa somo, ili sauti ya mwalimu isikike wazi bila kulazimishwa. Sasa tufikirie chumba cha ukuta wa mabati kilichopakana na kinyozi anayepiga muziki, na darasa jingine nyuma ya pazia au mbao nyembamba. Bati halizuii sauti vizuri, na mvua ikinyesha juu yake somo husimama.

Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza jambo ambalo kila mtu hulifanya bila kujua: kelele zikipanda, mtu huongeza sauti yake bila kuamua kufanya hivyo. Sauti hutokana na nyuzi mbili za nyama ndani ya koo zinazogongana hewa inapopita. Kwa mwanamke hugongana takriban mara 200 kwa sekunde, kwa mwanamume kama mara 120. Ustadha, yaani mwalimu wa kike, anayetoa sauti kwa jumla ya dakika 20 ndani ya saa moja huwa amezigonganisha nyuzi hizo takriban mara 240,000. Akipaza sauti, kila mgongano huwa mzito zaidi. Jioni koo humuwasha na sauti hukwaruza, na wengi hulichukulia hilo kuwa jambo la kawaida la kazi.

Katika madrasa dai hili lina upande wa pili usiopatikana katika darasa la hesabu. Qur'ani hufundishwa kwa mtoto kusoma kwa sauti na mwalimu kusikiliza. Halaka tatu, yaani duara tatu za wanafunzi, zikikaa katika chumba kimoja, kila mtoto husoma sehemu yake ya hifdhi, ile anayoihifadhi kwa moyo, kwa wakati mmoja na wenzake, na wanaotazama kutoka nje husikia mvumo mmoja mtamu. Ustadh aliye ndani hausikii hivyo. Lazima atenge sauti ya mtoto aliye mbele yake, kisha ndani ya sauti hiyo atenge sin na sad, na ile ha ya kooni na ile nyepesi, kwa kuwa tajwidi, yaani kanuni za kutamka Qur'ani, haikubali zichanganywe. Konsonanti huwa na nishati ndogo kuliko irabu, ndiyo maana hizo ndizo za kwanza kumezwa na kelele. Sikio likishindwa kuzipata, ubongo hujaza pengo kwa kukisia, na kukisia kunatumia umakini. Saa mbili za kazi ya namna hii humchosha mtu ambaye hajanyanyua chochote. Familia yake ikimwona amenyamaza nyumbani, huenda ikadhani ana hasira.

Dai la pili ni wakati. Mwalimu wa shule yenye mitaala miwili hubeba mambo ya mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, pamoja na tathmini na kumbukumbu zake, na juu yake masomo ya dini. Wengi wao pia husomesha chuoni Jumamosi na Jumapili, ama kwa sababu ya kipato, ama kwa sababu msikiti hauna mwingine. Turudi kwenye deni letu la mwili: wiki ya mtu huyu haina siku ya kulipa. Ramadhani huongeza jambo jingine, kwa sababu usiku kuna tarawehe na alfajiri kuna daku, na ratiba ya shule mara nyingi hubaki ileile. Tena mwalimu huyu huishi mtaani humohumo. Akitoka, njiani huitwa maalim. Huulizwa habari za mtoto fulani, huombwa asome dua kwa mgonjwa, huitwa kwenye hitima ya marehemu, na hutakiwa apatanishe mume na mke. Hizi ni heshima, naye huzithamini. Lakini watafiti wa mapumziko wameonyesha kwamba kujitenga na kazi kimawazo baada ya saa za kazi ni sehemu kubwa ya kupona, na mtu anayeitwa kwa jina la kazi yake kila kichochoro hana mahali pa kujitenga.

Sasa malipo. Mwaka 1996 Johannes Siegrist wa Ujerumani alichapisha hoja kwamba mwili huumia pale juhudi kubwa inapolipwa kwa thawabu ndogo, na thawabu aliigawa katika fedha, heshima na uhakika wa kazi. Watu wengi wakisema walimu hawa hulipwa kidogo, huishia hapo. Kuna tofauti inayopaswa kuonekana kati ya mshahara mdogo na mshahara usiotabirika. Mshahara mdogo unaofika tarehe 5 humruhusu mtu apange kodi, nauli na chakula. Mshahara wa kiasi hichohicho unaofika pengine tarehe 5, pengine tarehe 23, pengine nusu, huufanya ubongo uwe macho mwezi mzima, kwa sababu kutojua ni dai lenyewe. Shule inayotegemea ada za vibarua haiwezi kuongeza mshahara kwa urahisi. Lakini mara nyingi inaweza kutaja tarehe, na kutaja tarehe hakuna gharama sawa na kuongeza fedha.

Hali hii ilionekana wazi mwaka 2020. Shule za Kenya zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya UVIKO-19, zikafunguliwa kwa madarasa machache Oktoba, na kwa wote Januari 2021. Walimu wa TSC waliendelea kupokea mishahara. Walimu wengi wa shule binafsi na za jamii, zinazoishi kwa ada, walikaa miezi bila malipo. Tishio lilikuwa lilelile kwa wote, na wito pengine ulikuwa uleule, lakini nyenzo zilitofautiana kabisa. Mwanasaikolojia Stevan Hobfoll alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1989 kwamba hasara ya nyenzo huvuta hasara nyingine: aliye na kidogo hulazimika kukitumia chote kuzuia pigo la kwanza, na pigo la pili humkuta mikono mitupu. Mwalimu aliyekwenda kuuza mitumba katika soko la Toi wakati ule na hakurudi darasani asihesabiwe kuwa alikosa imani.

Kibera ina pigo jingine ambalo shule nyingi za mahali pengine hazilifahamu: jengo lenyewe huweza kutoweka. Julai 2018 nyumba nyingi zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata, na shule zilikuwa miongoni mwa majengo yaliyoanguka. Soweto East nayo ina historia yake. Katika mpango wa serikali na shirika la UN-Habitat wa kuboresha makazi duni, wakazi wa sehemu yake walihamishiwa nyumba za muda Lang'ata mwaka 2009, na nyumba mpya 822 zilikamilika mwaka 2016. Lengo lilikuwa zuri. Hata hivyo kwa shule ya jamii, kaya inapohama mwanafunzi huhama, na ada huhama naye. Uhakika wa kazi, ile thawabu ya tatu ya Siegrist, hapa unategemea ramani ambayo mwalimu hajawahi kuonyeshwa.

Tugeukie uongozi. Mwaka 1964 Robert Kahn na wenzake walionyesha kwamba mfanyakazi huumia anapopokea matakwa yanayopingana kutoka kwa wakubwa wawili, au asipojua hasa anatakiwa kufanya nini. Mwalimu wa shule ya Kiislamu mara nyingi ana wakubwa wawili. Mwalimu mkuu anataka silabasi ikamilike na mtihani upite. Kamati ya msikiti, au mfadhili, anataka juzuu za Qur'ani zikamilike na watoto wasimame kwenye mashindano ya Qur'ani. Kila mmoja ana haki. Saa ni zilezile. Wakubwa hawa wasipokaa pamoja kuamua kipi kinatangulia, uamuzi humwangukia mwalimu, naye hulaumiwa na upande atakaouacha. Hapa nyenzo inayohitajika ni karatasi moja yenye ratiba waliyoikubali wote. Robert Karasek alieleza mwaka 1979 kwamba kazi yenye madai makubwa huumiza zaidi pale mfanyakazi anapokosa uwezo wa kuamua jinsi ya kuifanya. Kwa hiyo mwalimu akishirikishwa kuitunga ratiba hiyo, hupata nyenzo mbili kwa mara moja.

Haki inataka sasa tuhesabu nyenzo zilizopo, kwa kuwa walimu wengi wanadumu na lazima kuwe na kinachowashika. Kubwa kuliko zote ni maana ya kazi. Anayeamini kwamba kila herufi anayomfundisha mtoto ina ujira kwa Mungu ana kitu ambacho mishahara haiwezi kukinunua, na tafiti za msongo huihusisha kazi yenye maana na uchovu mdogo. Hakuna sababu ya kukitilia shaka kitu hiki. Lakini kina hatari moja ambayo lazima isemwe wazi. Maana ya kazi ni nyenzo ya mwalimu; haikuwa kamwe nyenzo ya mwajiri. Inapotumiwa na kamati kumwambia ustadh kwamba ujira wake uko akhera, ili mshahara wa Mei ulipwe Agosti, nyenzo hiyo hugeuzwa kuwa dai, kwani sasa akilalamika ataonekana amepunguza ikhlasi, yaani usafi wa nia. Mafundisho ya dini kuhusu kumlipa mfanyakazi bila kumchelewesha yanasomeshwa katika fiqhi ya chumba kilekile. Naona hili kuwa dhuluma, hata pale linapofanywa na watu wema.

Nyenzo ya pili ni sala ya jamaa. Adhuhuri ikiingia, kazi husimama kwa wote: kutia udhu, kusimama bega kwa bega, dakika chache za ukimya. Tukiitazama kwa hesabu ya mwili pekee, bila kugusa thamani yake ya ibada, ni mapumziko yaliyowekwa katikati ya siku, ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu, na yanamkutanisha mwalimu na wenzake. Shule nyingi nyingine hazina kitu kama hicho. Faida yake hupotea, hata hivyo, pale mwalimu anapopewa kila siku zamu ya kusimamia udhu wa watoto mia kwa bomba moja, akasali peke yake baadaye akikimbilia somo.

Nyenzo ya tatu ni wenzake kazini. Katika shule ya vyumba vitano hakuna ofisi ya walimu. Chai na mandazi huliwa ukiwa umesimama mlangoni. Mwalimu mgeni anaweza kumaliza muhula bila mtu mzima kuingia darasani mwake isipokuwa kumkagua. Hapa Afrika Mashariki ina mfano mzuri wa kujifunza. Katika miaka ya 1980, baada ya viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya kuomba msaada kwa Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, ulianzishwa mjini Mombasa mpango wa madrasa za awali, na mwalimu aliyeuongoza tangu mwanzo alikuwa Bi Swafiya Said. Mpango huo ulienea Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu wake wengi walikuwa wanawake wa mitaa yenye madrasa hizo. Mafunzo hayakuishia kwenye semina: wakufunzi walirudi shuleni mara kwa mara, wakakaa na mwalimu darasani, wakatengeneza naye vifaa kwa vitu vilivyopatikana mtaani, huku kamati za wazazi zikifundishwa kuendesha shule. Utafiti wa Peter Mwaura na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu Kenya, Zanzibar na Uganda, ulikuta kwamba watoto wa madrasa hizo waliendelea kiakili zaidi kuliko wenzao wa shule nyingine za awali zilizolinganishwa nazo. Utafiti huo uliwapima watoto, haukuwapima walimu. Lakini mtu anayejua maana ya nyenzo za kazi ataziona nyingi katika mpango ule: msaada, vifaa, mrejesho na uongozi unaojua wajibu wake.

Linabaki swali la kupima, kwa kuwa kamati inaweza kukubali haya yote na bado isijue pa kuanzia. Tumesema ustahimilivu ni kurudia hali nzuri, kwa hiyo kinachopimwa ni kurudi. Kila mwalimu aandike kwa siri, Ijumaa jioni na tena Jumatatu asubuhi, namba kutoka 0 hadi 10 inayoonyesha uchovu wake, na daftari likae kwa mtu ambaye si mwajiri. Namba kubwa ya Ijumaa haitishi. Inaonyesha tu kwamba kazi imefanyika. Kinachotazamwa ni tofauti kati ya namba hizo mbili. Baada ya wiki nne shule ibadilishe jambo moja tu, kwa mfano halaka mbili zisomee barazani kwa zamu badala ya zote kukaa ndani, au Jumapili za chuo zigawanywe ili kila ustadh apate moja huru kati ya mbili, na daftari liendelee kwa wiki nne nyingine. Yakibadilishwa mawili kwa pamoja, haitajulikana lipi limesaidia. Na pembeni ya namba za kila mwezi iandikwe tarehe ambayo mshahara ulilipwa, kama mweka hazina alivyomwarifu mwenye daftari.